Chumba cha kazi na chumba cha kulala chini ya paa moja: mwenye nyumba anaweza kukutoa namna gani?

Wamama, jambo la juma hili lilianzia darasani. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa 5 alikuja siku mbili mfululizo bila madaftari. Siku ya kwanza nilimwonya. Siku ya pili nilimwita pembeni, nikamwuliza polepole. Akajibu kwamba madaftari yako ndani ya nyumba, na nyumba imefungwa kadena. Aliyefunga si mama yake.

Jioni nilimfuata mama yake. Ni mshonaji. Amepanga nyumba ya vyumba viwili kando ya barabara. Chumba cha mbele kina mashini mbili za kushona, meza ya kukatia na kioo. Cha nyuma ndimo analala na watoto wanne. Amekaa hapo miaka 3 na nusu. Mwenye nyumba anapita kila mwisho wa mwezi kuchukua feza yake, na mara mbili alileta hapo suruali zake zifupishwe. Shikeni hilo la suruali, nitalirudilia.

Sasa mtoto wa yule papa anataka kuoa. Ujumbe ukaingia katika simu: "Mama, mwana wangu anaingiza bibi. Chumba cha nyuma uniachie ndani ya siku saba. Cha mbele endelea nacho." Mama alifikiri ni maneno tu, watazungumza. Siku ya nane alienda sokoni kununua uzi. Aliporudi alikuta kadena juu ya mlango. Ndani vilibaki vitanda, sufuria, mashini, madaftari ya watoto, na vitambaa vya wateja, vingine vya ndoa ya Jumamosi ile ile.

Aliniambia: "Mwalimu, kama lingekuwa duka tu, ningelala kwangu na kutafuta duka lingine. Kama ingekuwa nyumba tu, ningeenda kwa dada yangu na kesho ningeshona. Lakini alifunga vyote mara moja."

Najua wengi kati yenu mnaishi hivyo. Saloni mbele, kitanda nyuma ya pazia. Malewa kwenye baraza, watoto ndani. Butiki yenye dirisha la kuuzia, na nyuma yake sebule. Bunia imejengwa hivyo kwa sehemu kubwa, kwa sababu hakuna mama anayeweza kulipa nyumba mbili. Basi swali lake ni letu sote: mbele ya sheria, pale ni nyumba au ni duka?

Mimi si avoka. Lakini mtu aliyesoma ualimu anajua kusoma sheria kama tunavyowafundisha watoto kusoma tatizo la hesabu: kwanza tuone tumepewa nini.

Tumepewa sheria mbili, na watu wengi wanajua moja tu. Ya kwanza ni Sheria n° 15/025 ya tarehe 31/12/2015, inayohusu nyumba za kupanga zisizo za kazi, hasa nyumba za kukaa. Ndiyo inayosema garanti ya nyumba ya kukaa ni miezi 3. (Ndiyo, najua. Hapa kwetu mwenye nyumba anaomba miezi 6 bila kupepesa macho, zaidi sana tangu ndugu zetu waliokimbia vita vya Djugu na Irumu walipoingia mjini na vyumba vikawa haba. Sheria haikubadilika kwa sababu tumekuwa wengi.)

Ya pili ni ya OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara. Kongo yetu iliingia tarehe 12/9/2012. Ndani ya Akti ya biashara kwa jumla, iliyopitishwa Lomé tarehe 15/12/2010, vifungu vya 101 hadi 134 vinahusu nyumba zinazopangwa kwa kazi: biashara, kiwanda, ufundi, au kazi nyingine yoyote. Ufundi umetajwa wazi. Mashini ya kushona ni ufundi. Na kifungu cha 103 kinasema kontra inaweza kuwa ya kuandikwa au ya mdomo, mradi mwenye nyumba alikubali kazi hiyo ifanyike pale.

Ndiyo maana nilisema mshike suruali. Papa aliyeleta suruali zake kwa mshonaji, akamlipa, akazirudisha kwake zimefupishwa, hawezi kusimama mbele ya jaji na kusema hakujua kwamba pale watu wanashona.

Wamama wanaopanda mashua Ziwa Albert kwenda kununua vitu Uganda watauliza kwa nini kule jambo ni rahisi. Kule sheria yao ya 2022 ya mwenye nyumba na mpangaji iliweka nyumba ya kukaa na nyumba ya biashara ndani ya kitabu kimoja. Sisi tuna vitabu viwili, na mama mwenye kitanda nyuma ya mashini anasimama katikati. Lakini kitabu cha pili hakikumsahau.

Tuanze na muda. Kama kontra yenu ya kazi haina mwisho uliotajwa, na ile ya mdomo mara nyingi iko hivyo, kifungu cha 125 kinamtaka mwenye nyumba atoe preavi, yaani onyo la kutoka, ya miezi 6. Nayo inatolewa kwa maandishi yanayokufikia kwa njia inayoweza kuhakikishwa, kwa kawaida mkononi mwa usiye, yule mjumbe anayepeleka barua za haki. Siku saba kwa simu si preavi. Na ukiipata ile ya miezi 6 una ruhusa ya kuipinga kabla muda haujaisha, ueleze kwa nini unapinga.

Kwa mwenye kontra ya muda maalum, mwaka mmoja kwa mfano, hesabu ni tofauti, na hapo ndipo wengi wanaanguka. Ni juu yako wewe mpangaji kuomba kontra iendelee, kwa barua ya usiye au kwa njia nyingine inayoweza kuhakikishwa, miezi 3 kabla haijaisha (kifungu cha 124). Ukinyamaza unapoteza haki hiyo. Ukiandika, na yeye akanyamaza mpaka mwezi 1 kabla ya mwisho, sheria inahesabu kwamba amekubali. Haki yenyewe inamtaka mpangaji awe amefanya kazi ile miaka 2 kwa uchache. Na kwa kuwa cheo ulichoandikishwa nacho katika rejista ya biashara kinaweza kuipunguza haki hii ya kuendelea, kabla ya kuidai mwonyeshe avoka karatasi zako.

Sasa chumba cha nyuma. Kusema kweli, yule papa hakuwa amekosa kila kitu. Kifungu cha 128 kinazungumza juu ya vyumba vya kukaa vinavyofuatana na mahali pa kazi. Kinasema mwenye nyumba anaweza kukataa kuendeleza kontra ya vyumba hivyo, bila kulipa kitu, kama anataka kukaa humo yeye mwenyewe, au bibi ama bwana yake, wazazi au watoto wao. Mtoto anayeoa yumo katika orodha. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilivunjika moyo.

Lakini kifungu kinaendelea. Mwenye nyumba hawezi kuchukua vyumba hivyo katika hali mbili. Ya kwanza ni mpangaji akionyesha kwamba kunyang'anywa vyumba vya kukaa kunaharibu sana kazi yake ya mbele. Ya pili ni pale ambapo mahali pa kazi na mahali pa kukaa ni kitu kimoja kisichogawanyika.

Tuingie basi katika nyumba ya mama yetu. Mlango wa nje ni mmoja tu, nao uko chumba cha mbele. Anayelala nyuma lazima apite katikati ya mashini. Kompta ya umeme ni moja. Choo kiko nyuma, na mteja anayekihitaji anapita kando ya kitanda. Vitambaa vya wateja vinalala juu ya kabati la chumba cha nyuma, kwa kuwa mbele hakuna nafasi na wezi wanapita usiku. Mshonaji analala karibu na mashini kwa sababu yeye ndiye mlinzi wake. Sasa tumweke bibi arusi katika chumba cha nyuma: kila asubuhi apite na ndoo yake katikati ya wateja wanaopimwa kifua na kiuno! Nyumba ile haigawanyiki. Haihitaji avoka mkubwa kuonyesha hilo, inahitaji mchoro. Tulichora siku ile ile kwenye karatasi ya hesabu, kwa rula: mlango, dirisha, choo, kompta.

Kama nyumba yako ina milango miwili, kompta mbili, na ukuta mzima katikati bila mlango, usitegemee hoja hiyo. Hapo utasimama juu ya ile ya kwanza, ya kazi kuharibika, nayo inahitaji ushahidi zaidi: nani atalinda mali usiku, utapika wapi ile chakula unayouza.

Na hata pale ambapo mwenye nyumba ana haki ya chumba, haki hiyo ni ya wakati kontra inapofika mwisho wake. Haimpi ruhusa ya kuja katikati ya mwezi na kadena.

Hapa ndipo sheria zote zinakutana, ya nyumba na ya duka. Anayemtoa mpangaji kwa nguvu ni tribinali, na anayetekeleza ni usiye mwenye hukumu mkononi. Si mwenye nyumba. Si shefu wa katie. Si polisi aliyepewa feza ya jioni. Si mwanajeshi pia. Ituri imo katika hali ya dharura tangu tarehe 6/5/2021, na wengine wamezoea kupeleka kila ugomvi kwa mtu mwenye bunduki, lakini deni la nyumba halikugeuka kuwa jambo la vita. Katiba ya 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayaingiliwi ila kwa namna iliyopangwa na sheria, na sheria ya jinai inaadhibu anayeingia nyumba ya mtu kwa nguvu au kwa kuvunja.

Na mali iliyofungiwa ndani? Hata kama unadaiwa kweli, mwenye nyumba hajilipi mwenyewe kwa kushika mashini yako. Kukamata mali kunapita kwa haki na kwa usiye. Tena vile vitambaa si vyako, ni vya wateja. Mwambieni hivyo mbele ya mashahidi, kwa sauti ya kawaida. Mara nyingi neno hilo linafungua kadena haraka kuliko vifungu vyote, kwa sababu hataki wateja 15 wapige foleni mlangoni kwake.

Kuhusu deni, nisiwadanganye. Mama aliyekaa miezi bila kulipa hana nguvu nyingi. Alichobaki nacho ni njia: kifungu cha 133 kinataka kwanza barua ya kumwonya, inayotaja kosa gani hasa, na inayompa mwezi 1 wa kulipa au kujirekebisha. Mwezi ukipita bila kitu, ndipo mwenye nyumba anaenda kwa jaji. Mwezi huo mmoja ni wa kutumia, si wa kulia. Kama uko katika AVEC au likelemba, ndio wakati wa kuomba zamu yako isogezwe mbele. Na mwenye nyumba akikataa kupokea feza ili baadaye aseme hukulipa, mtumie kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, ujumbe ubaki.

Kuna mama mwingine ambaye hawezi kusimama kama huyu wetu. Alipanga nyumba ya kukaa, karatasi inasema makao, halafu akafungua baa mlangoni bila kumwambia mtu. Majirani hawalali, mwenye nyumba hakukubali. Yeye amevunja kontra. Ukitaka kuanza kazi mahali ulipopanga kwa kulala, omba kwanza, na kibali kiwe cha kuandikwa. Ukiwa tayari na kazi na unataka kuongeza nyingine inayofanana nayo, kama mshonaji anayeanza kuuza vifungo na nyuzi, mjulishe tu mapema.

Neno kwa wajane, kwa sababu nimeona hili mara nyingi zaidi ya kadena. Kontra ilikuwa kwa jina la bwana, bwana amefariki, na baada ya kilio mwenye nyumba anasema mkataba ulikufa pamoja naye. Ndugu za bwana wanakubali, maana nao wanaangalia mashini. Kwa nyumba ya kazi, kifungu cha 111 kinasema kontra haifi na mtu. Inaendelea na mjane, wazazi au watoto, lakini lazima waombe kwa mwenye nyumba, kupitia usiye au kwa njia nyingine inayoweza kuhakikishwa, ndani ya miezi 3 tangu siku ya kifo. Miezi 3 inapita haraka ukiwa katika matanga. Kikundi kiweke mtu mmoja wa kuhesabu siku hizo kwa ajili ya mjane, asiachiwe yeye peke yake. Na mama mwenye bwana asiambiwe tena kwamba hana ruhusa ya kujitetea kortini bila barua ya bwana. Sheria n° 16/008 ya tarehe 15/7/2016, iliyorekebisha Kodi ya Familia, iliondoa ile ruhusa ya zamani.

Parseli ikiuzwa ni vilevile: mnunuzi anaingia mahali pa mwenye nyumba wa kwanza, na kontra yako ya kazi inaendelea naye (kifungu cha 110). "Mimi nimenunua, simjui mtu" ni maneno ya barabarani.

Nyinyi mtaniuliza: kama ni hivyo, kwa nini hatuandiki kontra? Nilimwuliza yule mama. Alisema akiomba karatasi iandikwe "kazi", papa atapandisha bei, na watu wa taksi watapata anwani yake. Ni kweli, hatari hiyo ipo. Mwenye nyumba naye anaogopa karatasi kwa sababu ya impo juu ya mapato ya nyumba. Kwa hiyo wote wawili wananyamaza, na ukimya huo unamfaa yeye zaidi yako. Mimi ningechagua kulipa dola chache zaidi na kuwa na mstari mmoja katika kontra: "imepangwa kwa makao na kwa kazi ya ushonaji, sehemu zote mbili zikiwa kitu kimoja kisichogawanyika." Asiyeweza kupata mstari huo aandike walau juu ya kila resu: "malipo ya mwezi fulani, nyumba na atelye". Papa akisaini resu 12 zenye neno atelye, amekubali mara 12. Picha za resu zibaki pia katika simu ya mama mwingine wa kikundi, kwa kuwa simu yako inaweza kufungiwa ndani pamoja na vitu vingine.

Mama yetu hakuvunja kadena, ingawa kaka yake alikuja na nyundo tayari. Alimwita shefu wa avenyu na majirani wawili, akapiga picha ya mlango, wakaandika saa na tarehe, wakasaini. Kesho yake akaenda kwenye ofisi ya habita ya komini na ile karatasi, resu zake na mchoro. Papa aliitwa. Mlango ulifunguliwa Ijumaa saa nne, na nguo za ndoa zilimalizika usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, wateja wenyewe wakiweka vifungo.

Chumba cha nyuma bado hakijaamuliwa. Papa amesema ataleta preavi ya miezi 6 kwa usiye, sasa kwa kuwa amejua ni lazima, na mama amesema akiileta ataipinga kabla muda haujaisha na ataonyesha mchoro. Feza ya mwezi huu alilipa kwa simu. Madaftari yamerudi darasani, na mtoto ana masomo ya siku nne ya kunakili.